Midomo, Mshikamano au Viti: Uchague Maelezo Yapi Kueleza Anguko la Jamii?

Matokeo ya Sensa ya 2022 yalipotangazwa na kuonyesha kwamba Tanzania ina watu 61,741,120, mpwa wangu anayefundisha Historia kidato cha tano alinipigia simu usiku ule ule. "Mjomba, darasa limenishinda. Wanasema tumezidi, na tukiendelea kuzaana hivi tutachinjana kama Rwanda. Niwajibu nini?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lenyewe halikuniacha. Mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3. Mtoto wa miaka 17 akiziona tarakimu hizo mbili kwenye ubao mmoja, hofu yake ina haki.

Anachohitaji mwalimu ni kuchagua. Yapo maelezo matatu yanayotumika sana kueleza kwa nini jamii huanguka au huingia vitani kwa sababu zilizomo ndani yake yenyewe. La kwanza linahesabu midomo, la pili linapima mshikamano, la tatu linatazama viti na wanaovigombea. Yote matatu yana ukweli, ila hayalingani uzito, na mwenye kushika moja bila kuyapima mengine anaweza kuwahukumu wasio na hatia. Nitayaweka bega kwa bega, nikitumia historia ya huku kwetu na ya majirani.

Midomo na mashamba

Haya anayajua kila mtu, hata asiyewahi kulisikia jina la Thomas Malthus. Mwaka 1798 Mwingereza huyo aliandika kwamba watu huongezeka kwa kuzidishana, wawili, wanne, wanane, kumi na sita, huku chakula kikiongezeka kwa kujumlishwa tu, moja, mbili, tatu, nne. Pengo likishakuwa kubwa, njaa, maradhi na vita huja kulipunguza.

Nguvu ya maelezo haya ni kwamba unayaona kwa macho. Panda Kilimanjaro mpaka Machame au Marangu, ukae na mzee mwenye kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo. Babu yake alikuwa na migomba, kahawa na nafasi ya kufuga. Kihamba kile kikagawiwa kwa watoto, kikagawiwa tena kwa wajukuu, na leo mpaka kati ya ndugu wawili ni mstari wa mimea ya masale ambao mmoja anadai umesogezwa usiku. Ugomvi huo ni wa kweli, unafika baraza la kata, na wakati mwingine unafika polisi. Kwa ngazi ya shamba na familia, Malthus anasaidia sana.

Rwanda ndiyo mfano ambao wafuasi wake huukimbilia, na haupaswi kupuuzwa. Sensa ya 1991 ilihesabu watu zaidi ya milioni 7.1 katika nchi ya kilomita za mraba 26,338, yaani zaidi ya watu 270 kwa kila kilomita, na wengi wao wakulima. Watafiti wawili, Catherine André na Jean-Philippe Platteau, waliifuatilia Kanama, huko kaskazini-magharibi, mwaka 1988 na tena 1993. Shamba la kawaida lilikuwa limeshuka kutoka hekta 0.36 hadi 0.29. Vijana wa kiume wa miaka 20 hadi 25 waliokuwa bado wanaishi kwa wazazi walikuwa asilimia 71. Miaka mitano baadaye wakawa wote, asilimia 100. Kijana bila shamba hawezi kujenga, na asiyejenga haoi. Ongeza kuporomoka kwa bei ya kahawa baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, ukapata vilima vilivyojaa watu wasio na njia mbele yao.

Mpaka hapo maelezo yanasimama. Yanaanza kuyumba unapouliza ni nani aliyemuua nani, lini na kwa amri ya nani. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza mara baada ya ndege ya Rais Habyarimana kudunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, yakaendelea takriban siku 100, na waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya laki nane na zaidi ya milioni moja. Njaa haifanyi kazi kwa ratiba ya namna hiyo. Kulikuwa na orodha za majina, vizuizi barabarani, vitambulisho vya ukabila vilivyoanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930, na redio ya RTLM ikielekeza watu pa kwenda. Nyaraka za uagizaji bidhaa zinaonyesha kwamba kati ya Januari 1993 na Machi 1994 yaliingizwa nchini mapanga zaidi ya nusu milioni. Mkulima mwenye robo hekta hakuyaagiza mapanga hayo.

Halafu kuna Rwanda ya leo. Sensa yake ya 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, watu 503 kwa kilomita ya mraba. Ardhi ni ile ile, msongamano umekaribia mara mbili, na vilima havijarudia ya 1994. Kama midomo ndiyo iliyoua, midomo sasa ni mingi zaidi.

Ireland inatoa ushahidi kama huo kwa njia nyingine. Mwaka 1841 ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845, watu kama milioni moja walikufa katika miaka iliyofuata na wengine zaidi ya milioni wakahama, wakati meli zilizobeba nafaka na mifugo zikiendelea kutoka bandarini kwenda Uingereza. Chakula kilikuwepo. Maskini ndiye hakuwa na haki nacho.

Kinachonikera zaidi katika maelezo ya midomo ni mahali yanapoiweka lawama. Yanamnyooshea kidole mama mwenye watoto sita na kumwacha aliyekaa ofisini akiagiza silaha. Mwanafunzi anayetoka darasani akiamini kwamba Rwanda ilikufa kwa kuzaana amefundishwa, bila mwalimu kukusudia, kuwasamehe waliopanga.

Upo pia upande wa pili wa sarafu hii, wanaosema ustaarabu hufa kwa watu kuacha kuzaa, na siku hizi wanaitaja Korea Kusini ambako mwaka 2023 wastani ulikuwa watoto 0.72 kwa kila mwanamke. Hilo ni tatizo kubwa la pensheni na la shule kubaki tupu. Hata hivyo sijaona likianzisha vita, na kwa nchi ambayo karibu nusu ya watu wake hawajafika miaka 18 si swali la kuanza nalo. Nalipita.

Mshikamano

Mwanahistoria Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, mwaka mmoja tu baada ya msafiri Ibn Battuta kuitembelea Kilwa. Tauni iliwachukua wazazi wake wote wawili akiwa kijana. Alizitumikia tawala kadhaa za Afrika Kaskazini na Andalusi, akafungwa, akakimbia, na mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome moja huko Algeria ya leo, akaandika kitabu chake, Mukadima. Kwa hiyo alipoandika juu ya dola zinavyokufa, alikuwa ameziona zikifa.

Neno lake kuu ni asabiya. Ni ule mshikamano wa watu wanaoaminiana kiasi cha kufa pamoja, mara nyingi kwa damu ya ukoo, wakati mwingine kwa dini. Watu wa jangwani wanao kwa sababu bila mwenzako utakufa. Kwa mshikamano huo wanaiteka mji na kutawala. Kizazi cha kwanza kinakumbuka jasho, cha pili kimesimuliwa tu, cha tatu kimezaliwa juu ya mto wa hariri na kinakodi watu wa kukilinda. Kila kizazi alikipa miaka kama 40, dola nzima miaka 120.

Kwetu pwani kuna kipimo kizuri cha hesabu hiyo. Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi alichaguliwa imamu wa Oman mwaka 1624, akaziunganisha kabila zilizokuwa zikipigana. Waliomfuata waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, wakavuka bahari, na Desemba 1698 wakaichukua Ngome ya Yesu Mombasa baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Karibu miaka mitatu nje ya ukuta, katika maradhi na njaa, ni kazi ya watu walioshikana kweli. Lakini Sultan bin Saif wa pili alipofariki mwaka 1718 akamwacha mtoto mdogo, Oman iligawanyika kambi mbili, Hinawi na Ghafiri. Ikafika mahali imamu mmoja wa ukoo huo huo akawaita Waajemi waje kumsaidia dhidi ya watu wake. Kufikia miaka ya 1740 Yaarubi walikuwa wamekwisha na Ahmad bin Said wa Busaidi ameshika usukani. Toa 1624 kwenye 1744 upate jibu. Sisemi kwamba dola zote hufuata kalenda hiyo, maana nyingi hazifuati, lakini hii ilifuata.

Mazrui waliokuwa wakiishika Mombasa kwa niaba ya Yaarubi walikataa kumtambua mtawala mpya, wakajitawala kwa miongo tisa hivi. Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo huo wa Busaidi, aliwashambulia zaidi ya mara moja bila kuufanya mji uwe wake. Mwaka 1837 aliupata, na waliomfungulia njia ni Wamombasa wenyewe. Mazrui walikuwa wamegombana juu ya nani arithi, na Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, walikuwa wamekosana nao na kumwelekea Said. Ukuta wa Ngome ulikuwa ule ule wa siku zote.

Kwa habari kama hizi Ibn Khaldun hana mpinzani. Anaeleza kwa nini wengi hushindwa na wachache, jambo ambalo Malthus hana hata msamiati wake. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, ni rahisi kuyatumia maelezo haya baada ya tukio: aliyeshinda alikuwa na mshikamano, aliyeshindwa hakuwa nao, na ushahidi ni kwamba alishindwa. Mwanafunzi makini atakubana hapo. Pili, mshikamano haujui mema na mabaya. Jina Interahamwe, la wanamgambo walioua Rwanda, lenyewe maana yake ni wanaoshambulia pamoja. Wale walikuwa na asabiya tele. Anayehubiri umoja kama dawa ya kila ugonjwa inabidi aulizwe ni umoja wa nani, na dhidi ya nani.

Tena mshikamano hauhitaji jangwa wala ukoo ili uzaliwe. Juni 2024 vijana wa Kenya, wengi wakiwa hawajawahi kuonana, walijipanga kwa simu dhidi ya Mswada wa Fedha, wakisema hawana kabila wala kiongozi. Tarehe 25 waliingia Bungeni, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatausaini. Waliuawa makumi katika maandamano yale. Ibn Khaldun angehitaji sura mpya kwa ajili yao.

Viti na wanaovigombea

Maelezo ya tatu ni mapya kwa jina. Mmarekani Jack Goldstone aliyajenga mwaka 1991 akilinganisha mapinduzi ya Uingereza, Ufaransa, Uturuki na China. Peter Turchin akayaendeleza, na mwaka 2010 akaandika kwamba Marekani itaingia katika misukosuko kufikia 2020. Hoja yao ni kwamba ongezeko la watu haliui moja kwa moja. Linafanya vibarua wawe wengi na ujira ushuke, wenye mali wazidi kutajirika, na watoto wa wenye mali na wasomi wawe wengi kuliko nafasi za juu zilizopo. Wakati huo huo hazina ya dola inakauka, kwa hiyo haina cha kuwanyamazishia. Wanaokosa viti hawarudi nyumbani kimya. Wanatafuta wafuasi miongoni mwa wenye njaa, na hapo ndipo njaa inapopata jemadari.

Nenda Kilwa Kisiwani ukayaone. Mashua inakuvusha kutoka Kilwa Masoko, unapita magofu ya ngome iitwayo Gereza, kisha unatembea mpaka Husuni Kubwa, juu ya mwamba unaoitazama bahari. Jumba lile lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo. Lina birika la kuogelea la pembe nane, ua wa biashara, vyumba visivyohesabika haraka. Wachimbaji wa mambo ya kale waligundua kwamba halikumalizwa na lilikaliwa muda mfupi tu. Ibn Battuta alimkuta sultani huyo mwaka 1331, watu wakimwita Abu al-Mawahib kwa jinsi alivyokuwa akitoa. Alimwona akivua mavazi yake na kumpa fakiri mmoja aliyemwomba njiani akitoka msikitini. Kisha anasimulia kwamba alipofariki, nduguye Daudi aliyemrithi alikuwa akiwajibu waombaji kuwa mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Nimesimama kando ya birika lile kavu nikiyafikiria majibu hayo. Hazina ilikuwa imekauka, au mrithi alitaka watu waamini hivyo, na vyovyote vile wenye kusubiri fungu lao walirudi mikono mitupu.

Mji haukufa pale. Karne ya 15 ulijengwa tena na msikiti mkuu ukapata kuba zake. Lakini kufikia mwisho wa karne hiyo amiri na mawaziri ndio waliokuwa wakiwaweka na kuwaondoa masultani. Vasco da Gama alipofika kudai ushuru mwaka 1502, aliyekuwa akitawala alikuwa Amiri Ibrahim, mtu aliyekinyakua kiti. Francisco de Almeida alitua Julai 1505 akauchukua mji karibu bila vita. Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamvisha Muhamad Ankoni, mfanyabiashara tajiri wa pale pale, taji la dhahabu ambalo lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin huko India. Mwaka uliofuata Ankoni aliuawa. Ugomvi wa warithi ukaendelea mpaka Wareno wenyewe wakaondoka mwaka 1512, biashara ikiwa imeharibika. Hakuna mahali katika habari hiyo ambapo mtu analalamika kwamba Kilwa ilikuwa na watu wengi mno. Kilikuwepo kiti kimoja na watu wengi walioamini kuwa ni chao.

Sasa rudi Rwanda ukiwa na jicho hilo. Mkataba wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993 ulikuwa ni mgao wa viti: wizara zigawanywe, waasi wa RPF wapate asilimia 40 ya askari na 50 ya maofisa. Kila nafasi iliyotolewa ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuikalia, na watu wa Akazu, duara la ndani la utawala uliokuwepo, walielewa kwamba wao ndio watakaosimama. Hapo unapata waandaaji, fedha na sababu. Vijana wa Kanama wasio na shamba walikuwa kuni. Kiberiti kilikuwa mikononi mwa watu wengine.

Na Burundi, ambayo darasa halikuitaja, inaniuma zaidi. Katika mauaji ya 1972 yanayoitwa Ikiza, serikali ya Rais Micombero ililipiza uasi kwa kuwasaka Wahutu waliosoma. Walimu walitolewa madarasani, wanafunzi vyuoni, makarani ofisini. Waliouawa wanakadiriwa kufikia laki moja hadi mbili na zaidi. Kama vita ilikuwa ya ardhi, wangetafutwa wenye mashamba. Walitafutwa wale ambao kesho wangedai kiti.

Maelezo haya nayo yana kasoro. Yanahitaji takwimu, na kwa miji kama Kilwa hatuna sensa wala daftari la kodi, kwa hiyo tunapima kwa macho. Yana hatari pia. Mtawala mwoga anaweza kuyasoma kama sababu ya kupunguza shule, akidhani msomi asiye na kazi ndiye adui. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanywa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Walijaa majukwaani kama siku ya mechi, wengi wakiwa na vyeti mkononi. Ukiwatazama, uone kwanza kwamba wale ni watu waliofanya kila walichoambiwa na wakubwa wao: soma, faulu, vaa vizuri, fika mapema. Kasoro ilikuwa kwenye uchumi ulioacha karibu kila njia ya heshima ipitie mlango mmoja wa serikali.

Basi uchague lipi?

Ukiwa unashughulika na kijiji, bonde la maji au shamba la urithi, anza na midomo. Hesabu watu, pima ekari, uliza maji yanatosha mwaka gani. Afisa ardhi wa wilaya hana haja ya Ibn Khaldun kwenye kikao cha mipaka.

Ukitaka kuelewa kwa nini utawala wenye nguvu ulianguka mbele ya adui mdogo, au chama kikubwa kikapasuka siku mwasisi alipoondoka, chukua mshikamano. Linafaa pia kwa historia za koo na miji ya pwani, ambako vyanzo vyetu vingi ni habari za nani aliungana na nani. Ila ujilazimishe kutaja dalili za mshikamano kulegea kabla ya anguko, usingoje matokeo.

Kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mapinduzi na mauaji ya umma, mimi nachagua viti, na kwa pengo kubwa. Zanzibar ndiyo iliyonishawishi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Serikali mpya ya wapinzani wake, vyama vya ZNP na ZPPP, ikawaondoa kazini polisi waliotoka bara, na siku chache kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, msomi aliyekuwa amejitenga na ZNP. Wengi wa wapiga kura, askari wenye ujuzi wa silaha na wasomi wenye mpango, wote walikuwa nje ya mlango katika mwezi mmoja. Bei ya karafuu ilikuwa imeshuka, ndiyo, na uchungu wa ukabila na utumwa ulikuwa wa miaka mingi, lakini mtu anayetaka kujua kwa nini ilikuwa Januari ile na si Januari nyingine ataupata ufunguo hapo kuliko kwenye idadi ya watu wa Unguja.

Mpwa wangu nilimshauri hivi: acha tarakimu ya milioni 61 ubaoni, usiifute. Pembeni yake waandike wanafunzi wenyewe idadi ya wanaomaliza shule na vyuo kila mwaka, na idadi ya nafasi zinazotangazwa, wazitafute wao. Aliifanya kazi hiyo na darasa lake kwa vipindi viwili. Ananiambia kwamba kipindi cha pili hakuna aliyetaja tena kuzaana. Waliuliza kwa nini nafasi zote wanazozijua ni za serikali, na msichana mmoja wa nyuma akauliza zile nafasi 70 mwishowe walipewa akina nani.